Taa ya Injini: Sensa ya Oksijeni au Masega?

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, kompyuta ya gari imeona kipimo kikitoka nje ya mipaka. Haijajua ni kifaa gani kimekufa. Msimbo P0420, unaojitokeza sana kwenye magari yenye umri, husema tu kwamba masega (kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosti) ya upande wa kwanza wa injini yanaonekana kusafisha moshi chini ya kiwango. Katika Mtwara, ambako magari mengi yamefika yakiwa yameshatumika Japani, msimbo huo mara nyingi hufuatwa na agizo la sensa mpya ya oksijeni kutoka Dar es Salaam, hata kabla fundi hajainama chini ya gari.

Masega ni kauri yenye vitundu vingi vyembamba, iliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Yakishapata joto la nyuzi 300 hivi, huunguza petroli iliyosalia na kupunguza gesi zenye sumu. Sensa ya oksijeni ya kwanza hukaa kabla ya masega na kuisaidia kompyuta kupanga mchanganyiko, takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Ya pili hukaa baada yake, na kazi yake kubwa ni kuyakagua masega.

Hapo ndipo kipimo kilipo. Sensa ya kwanza ya aina ya zamani hupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9. Masega yakiwa mazima huhifadhi oksijeni, hivyo sensa ya pili hutulia kwenye volti 0.6 au 0.7. Ikianza kuiga mapigo ya ile ya kwanza, masega yanashukiwa. Toyota nyingi za miaka ya 2000 na baadaye zina sensa ya kwanza ya aina nyingine isiyopiga hivyo, na fundi asiyejua hilo huihukumu bure.

Sensa ya pili nayo hupimwa. Injini ikiwa ya moto, pedali ya mafuta ikikanyagwa ghafla volti hupanda. Gari likiwa mwendoni na mguu ukiachiwa, hushuka karibu na sifuri. Ikijibu hivyo, haijafa. Misimbo P0135 na P0141 ni habari nyingine: huhusu hita ya sensa, na waya na fyuzi hukaguliwa kwanza.

Pwani ya Mikindani na Msimbati ina adui wake, chumvi. Hula maungio na gasketi za ekzosti, na ufa mdogo kabla ya sensa huvuta hewa ya nje. Kompyuta hudhani petroli ni chache, ikaongeza, na masega yakapata joto kupita kiasi. Kulehemu ufa ni kazi nafuu kuliko sensa yoyote.

Petroli yenye risasi, iliyokuwa ikiyaua masega, iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006. Siku hizi madhara hutoka zaidi ndani ya injini: oili inayopita kwenye ringi, au plagi na koili zinazokosa kuwasha. Taa inayomwekamweka ni onyo kwamba petroli mbichi inaingia kwenye masega. Mwendo upunguzwe na gari lisimamishwe mapema. Masega yaliyoyeyuka huziba, na gari hukosa nguvu likipanda kutoka Masasi kwenda Newala.

Kuyabomoa na kuacha bomba tupu hakuzimi taa, kwa kuwa sensa ya pili huona moshi uleule. Kuisogeza sensa hiyo nje ya bomba kwa nati ndefu huidanganya kompyuta, wala hakuondoi sumu hewani.

Kufuta msimbo si matengenezo pia. Kwa kawaida P0420 huwasha taa baada ya jaribio kushindwa katika safari mbili, na jaribio huhitaji mwendo wa utulivu kwenye lami, kama ya kuelekea Mingoyo. Mnunuzi wa gari lililotumika aombe mashine ya kusomea misimbo ioneshe kama majaribio ya ndani ya kompyuta yamekamilika. Kama hayajakamilika, taa iliyozimika haithibitishi kitu.