Barafu, Usiku Mmoja na Ndoo za Maji

Kutia kitambaa rangi kwa barafu ni mradi mwepesi sana ukiwa karatasini. Loweka kitambaa cha pamba kwenye maji ya magadi soda, kikombe kimoja kwa takriban lita 4, kikamue, kikunje ovyo juu ya wavu wenye beseni chini yake, kifunike kwa barafu, nyunyizia unga wa rangi, subiri. Bajeti huorodhesha rangi, glavu na barakoa, maana unga ule ni hatari ukivutwa puani. Usiku na maji havimo, na kwa ninavyoona, hivyo ndivyo vinavyoamua.

Rangi zenyewe ni zile zinazoungana moja kwa moja na nyuzi za pamba, jamii ambayo kampuni ya ICI ya Uingereza iliingiza sokoni mwaka 1956. Ili ziungane zinahitaji magadi soda, unyevunyevu na joto la nyuzijoto 21 hivi kwenda juu. Kazi ya barafu ni nyingine: inayeyuka polepole na kuachilia rangi kidogo kidogo. Nyunyizia nyeusi, ambayo mara nyingi ni mchanganyiko, kisha utazame ukingo wa kunjo: samawati inakimbilia upande wake, wekundu unajitenga, na kati yao panabaki zambarau ambayo hakuna mkono ungeweza kuichora. Ni uzuri wa kweli. Lakini barafu ikishayeyuka yote, rangi bado haijashika sawasawa. Inahitaji saa nyingi zaidi, kitambaa kikiwa kibichi na mahali penye joto.

Hapo ndipo mipango huteleza. Mafunzo ya siku moja hufunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi. Kwa joto la Dar es Salaam barafu inakwisha mapema, picha zinapigwa, kisha kitambaa kinasuuzwa jioni ileile ili mgeni rasmi akione. Nyumbani, baada ya kufuliwa, kinapauka. Peleka maelekezo hayohayo Njombe mwezi wa saba, na hata kukilaza mpaka asubuhi hakutoshi. Sharti kifunikwe kwa nailoni na kuwekwa kwenye chumba chenye joto.

Kitambaa nacho kina mambo yake. Kitambaa kipya cha marekani huwa na wanga, na kisipofuliwa kwanza kwa maji ya moto na sabuni, rangi hainywewi vizuri. Poliesta ndiyo haishiki kabisa, hata muuzaji akiapa kuwa ni pamba tupu. Chomoa uzi mmoja uuchome: wa pamba huacha jivu laini linalosagika kidoleni, wa poliesta huyeyuka na kuganda kama kishanga kigumu.

Kisha maji. Unasuuza kwa maji baridi, unamwaga, unarudia mpaka yaanze kuwa mepesi, ndipo uingie kwenye maji ya moto na sabuni. Penye bomba la uhakika hilo ni jambo dogo. Kwa mama anayenunua maji kwa dumu, gharama ya kusuuza inaweza kumlia faida yote ya kitambaa, na hakuna aliyemwambia wakati anajiandikisha.

Ningekabidhiwa kuandaa mafunzo hayo, ningeyaanza Ijumaa baada ya sala, vitambaa vilale, visuuzwe Jumamosi. Ningepunguza idadi ya vitambaa ili fedha ya maji ipatikane, na mgeni rasmi ningemwalika Jumamosi mchana, vikiwa vimeshafuliwa na kuanikwa.