Tembo Wawili na Nyasi za Ogaden

Mara nyingi, tunapohubiri juu ya vita vya Afrika vya miaka ya Vita Baridi, hutumia methali isemayo kwamba wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Methali hiyo ni ya kweli, lakini haielezi jambo lote. Vita vya Ogaden vya mwaka 1977 hadi 1978, kati ya Somalia na Ethiopia, vyatufundisha kwamba tembo hawakuja kwa hiari yao tu. Waliitwa pia na wenye shamba.

Kwanza tuangalie chanzo. Ogaden ni nchi kavu ya wafugaji Wasomali, iliyotiwa ndani ya mipaka ya Ethiopia mwishoni mwa karne ya 19, wakati Mfalme Menelik wa Pili na madola ya Ulaya walipogawana Pembe ya Afrika. Somalia ilipopata uhuru mwaka 1960, nyota ya pembe tano katika bendera yake iliashiria nchi tano za Wasomali, mojawapo ikiwa Ogaden, na nyingine kaskazini mashariki ya Kenya. Mwaka 1964 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliazimia mjini Cairo kwamba mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru iheshimiwe. Somalia haikukubali. Basi mbegu ya ugomvi haikupandwa na Washington wala Moscow.

Madola hayo yalileta silaha. Marekani ilikuwa na kituo cha mawasiliano ya kijeshi cha Kagnew huko Asmara, nayo ikalipatia zana jeshi la Mfalme Haile Selassie. Umoja wa Kisovieti nao ulilijenga jeshi la Somalia, ukapata nafasi katika bandari ya Berbera, na mwaka 1974 ukatia sahihi mkataba wa urafiki na Rais Siad Barre. Hivyo nchi maskini ikapata vifaru na ndege za vita ambazo isingaliweza kuzinunua kwa mapato yake.

Mwaka huohuo wa 1974 Haile Selassie alipinduliwa. Aprili 1977 Mengistu Haile Mariam aliwafukuza Wamarekani kutoka Kagnew, na Mei akaenda Moscow. Julai jeshi la Somalia likavuka mpaka. Moscow ilipoegemea upande wa Ethiopia, Barre aliwafukuza washauri wa Kisovieti mwezi Novemba. Ndipo ndege na meli za Kisovieti zikaishushia Ethiopia silaha nyingi mno, na askari wa Kuba zaidi ya 10,000 wakaingia vitani. Machi 1978 Wasomali walirudi nyuma. Mwaka 1980 Marekani ikapewa ruhusa ya kuitumia Berbera ileile. Tembo walibadilishana malisho. Nyasi zilikuwa zilezile.

Hapa twaona kwamba itikadi ilikuwa vazi tu. Serikali zote mbili zilijiita za kijamaa, na bado zilipigana. Madola makuu yalitafuta bandari na vituo. Watawala walitafuta silaha. Aliyepata silaha hakuona tena haja ya kupatana na jirani yake, wala na raia wake mwenyewe. Mamia ya maelfu ya wakimbizi walijaa Somalia, na ndani ya Ethiopia damu nyingi ilimwagwa katika siku zilizoitwa za Ugaidi Mwekundu.

Kanisa halikusalimika. Machi 1977 serikali ilitwaa kituo cha Redio Sauti ya Injili cha Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani huko Addis Ababa, ambacho vipindi vyake vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi. Tarehe 28 Julai 1979 Mchungaji Gudina Tumsa, Katibu Mkuu wa Kanisa la Mekane Yesus, alitekwa nyara baada ya ibada, akauawa. Alikuwa amepewa nafasi ya kuikimbia nchi, akakataa kuliacha kundi. Mabaki yake yalipatikana mwaka 1992, baada ya Mengistu kuanguka.

Tukumbuke pia kwamba mwaka 1972 kanisa lake liliyaandikia makanisa yatoayo misaada, likiyaeleza kwamba si haki kuyatenga maendeleo na kuhubiri Injili, kana kwamba mtu ni vipande viwili. Kanisa hilo lilihitaji msaada, lakini halikuuza sauti yake. Huo ndio uhuru ambao watawala wa pande zote mbili waliukosa.

Nabii Isaya (31:1) aliwakemea wale walioshuka Misri kutafuta farasi na magari ya vita. Hakusema kwamba Misri haina lawama. Alisema na watu wake mwenyewe kwanza. Hapana budi nasi tufanye hivyo. Tukiwalaumu wageni peke yao, tutakuwa tumehubiri nusu ya toba. Barre na Mengistu wote walianguka mwaka 1991, lakini bunduki walizoziomba zilibaki mikononi mwa watu. Mchungaji aionapo serikali yake, au hata dayosisi yake, ikipokea zawadi kubwa, na aulize mapema: ni nani atakayeilipa?