Gari likichuchumaa nyuma, usikimbilie shokapu

Msimu wa mavuno unapoanza mkoani Singida, kazi ya kutoa alizeti na vitunguu vijijini haifanywi sana na malori makubwa. Hufanywa na pikapu kuukuu, Canter na vile vigari vidogo vinavyoitwa kirikuu, ambavyo huingia katika njia za vumbi za Mkalama, Iramba na Ikungi kuchukua magunia shambani na kuyafikisha kwenye mashine za kukamua mafuta au soko la vitunguu la Misuna mjini Singida.

Mengi ya magari hayo yameshapita mikononi mwa watu watatu au wanne. Mnunuzi huwasha injini, husikiliza, hutazama moshi, kisha huuliza bei. Sehemu ya nyuma, ambayo ndiyo inayobeba mzigo wenyewe, huitazama akiwa amesimama. Madalali hupenda kutaja namba ya usajili, kwamba hili ni namba C na lile ni namba D, lakini namba haisemi gari lilikuwa likibeba nini.

Baadaye nyuma inapoanza kukaa chini, kuyumba kwenye kona au kugonga kwenye mashimo, ushauri wa haraka huwa ni kubadilisha shokapu. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Katika gari la mzigo, shokapu haibebi uzito. Kinachobeba ni springi. Kazi ya shokapu ni kutuliza mtikisiko. Gari lililolala upande mmoja halitanyanyuka kwa shokapu mpya, hata ziwe za bei gani.

Futi kamba kabla ya spana

Kipimo cha kwanza hakihitaji fundi. Gari lisimamishwe mahali tambarare, likiwa tupu na matairi yakiwa na upepo sawa. Pima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi juu yake, kulia na kushoto. Tofauti ya sentimita 1 si ya kupigia kelele katika gari la zamani. Ikifika 2 au 3, upande ulio chini una springi iliyochoka au bamba lililovunjika.

Kisha nyoosha usukani na upime kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya lile la nyuma, kila upande. Vipimo vikitofautiana sana, huenda ekseli imesogea. Sababu ya kawaida ni kukatika kwa bolti ya katikati inayoshika mabamba ya springi pamoja, au kulegea kwa zile bolti za umbo la U zinazofunga springi na ekseli. Ukilifuata gari la namna hiyo barabarani, utaliona likienda ubavu kama kaa.

Baada ya hapo ndipo pa kuingia chini na tochi na brashi ya waya. Jeki peke yake isiaminiwe. Ziwekwe stendi au magogo imara. Hilux, Hiace za mizigo, Canter na kirikuu hutumia springi za mabamba nyuma. Sugua eneo la karibu na bolti ya katikati na kwenye macho ya springi, kwani huko nyufa hupenda kuanzia. Ufa wa zamani una mstari wa kutu, ufa mpya unang'aa. Bamba lililochomelewa ni sababu tosha ya kushusha bei au kuondoka: moto wa kuchomelea huua ugumu wa chuma cha springi, na bamba hukatika tena pembeni ya kiraka.

Zitazame pia raba zinazozuia ekseli isigonge chasisi. Zikiwa zimepondeka au hazipo kabisa, gari hilo limekuwa likizidishiwa mzigo. Chasisi nayo ikaguliwe juu ya ekseli na pale springi zinaposhikizwa. Rangi nyeusi mbichi chini ya gari kuukuu inatia shaka. Muuzaji akisema ni ya kuzuia kutu, aombwe ruhusa ya kuikwangua kidogo.

Mgongo mmoja wa "ko!" gari linapoondoka, na mwingine linapofunga breki, mara nyingi ni bushi zilizokwisha. Mtaimbo ukiingizwa kati ya springi na kishikizo chake, mchezo utaonekana kwa macho. Bushi ni za bei ndogo zikilinganishwa na springi, lakini zikiachwa hula macho ya springi na vishikizo vyake.

Kwa magari kama Noah, yenye springi za kuzunguka, kuna fimbo inayozuia ekseli isiende kando. Bushi zake zikilika, nyuma hucheza kila lori linapopita au upepo unapopiga, na kwa upepo Singida haijambo.

Shokapu yenyewe hupimwaje? Gari dogo hukandamizwa kona ya nyuma na kuachiwa. Likidunda zaidi ya mara moja au mbili, shokapu imekufa. Kwa pikapu kipimo hicho hakisaidii, kwa kuwa springi zake ni ngumu. Afadhali liendeshwe kilomita kadhaa kwenye barabara yenye mikunjo kama bati, kisha shokapu ziguswe kwa tahadhari. Inayofanya kazi huwa ya moto. Iliyobaki baridi, au inayovuja oili, ndiyo ya kubadilisha. Tairi lenye mabonde mabonde linatoa ushahidi huohuo. Mvumo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka ni jambo jingine, na beringi ya gurudumu ikaguliwe kwanza.

Bamba la nyongeza

Dawa inayopendwa zaidi ni kuongeza bamba moja au mawili. Gari hunyanyuka, mwenyewe hufurahi, na magunia huongezwa. Hata hivyo ekseli, beringi, chasisi na matairi ni yaleyale, na uwezo wake haujaongezeka hata kilo moja.

Kuna hatari nyingine isiyozungumzwa sana. Pikapu nyingi, zikiwamo Hilux, zina vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa kijiti. Vali hiyo hupima mzigo kwa jinsi nyuma inavyoshuka, kisha huamua breki za nyuma zipewe nguvu kiasi gani. Nyuma ikinyanyuliwa kwa mabamba bila kuirekebisha vali, gari lililojaa huhesabiwa kama tupu na breki za nyuma hupunguziwa nguvu. Pikapu ya vitunguu inayokwenda Mwanza hulazimika kushuka mteremko wa Sekenke ikitegemea zaidi breki za mbele.

Chanzo cha kuongeza mabamba mara nyingi ni lumbesa. Sheria ya Vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Chukua pikapu ya tani 1 iliyokubali magunia 10. Yakiwa ya lumbesa, tuseme kilo 130 kila moja, tayari imebeba kilo 1,300 kabla utingo hajapanda juu. Nauli ikitozwa kwa gunia, mwenye gari amesafirisha kilo 300 bure, sawa na magunia 3 halali, na gharama inalipwa na springi zake. Mkulima naye amepunjwa papo hapo.

Mizani za barabarani hazimsaidii. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2019, inahusu magari ya kuanzia tani 3.5, hivyo pikapu ndogo hupita pembeni. Anayetoza kwa kilo, akiwa na mzani wake shambani, huona hasara hiyo kabla ya kupakia.

Kwa aliyekwisha kununua, aanze na bushi na bolti, kisha springi, na shokapu zije mwisho iwapo vipimo vimezihukumu. Springi na shokapu zibadilishwe pande zote mbili kwa pamoja. Bolti za umbo la U zikishafunguliwa ziwekwe mpya, maana za zamani zimekwisha kuvutika, nazo zikazwe tena baada ya kilomita mia chache za kwanza.