Mukono Usiosikia Moto



Asubui moja, mufanyakazi wa atelye alifika kwenye dispanseri na kidole kilichoungua. Nilimuuliza: «Umeunguza kidole wapi?» Alijibu kwamba yeye hakujua. Jioni iliyotangulia alikuwa ameshika sufuria juu ya mbabula, na bibi yake ndiye aliyesikia harufu ya nyama inayoungua. Yeye mwenyewe hakusikia kitu. Akacheka, akasema: «Munganga, ngozi yangu imekomaa kwa kazi.»

Nilisafisha kidonda, nikakifunga, nikamurudisha kazini. Hapo nilikosa. Mutu anayeungua bila kusikia maumivu hana kidonda tu. Ana ugonjwa mwingine nyuma ya kidonda. Miezi minne baadaye alirudi, na kidole chake cha mwisho pamoja na kile kinachofuata vilikuwa vimeanza kujikunja. Siku hiyo nilimuomba avue shati. Kwenye mugongo alikuwa na baka lenye rangi iliyofifia, kubwa kama kiganja. Nikamuambia afunge macho, nikaligusa kwa pamba. Hakusikia. Nikapapasa nyuma ya kiwiko: mushipa ulikuwa munene kama kamba. Ulikuwa ukoma.

Watu wengi wanafikiri kwamba mikrobe ya ukoma inakula vidole. Sivyo. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: mara nyingi si mikrobe peke yake inayoharibu mukono, ni askari wa mwili wa mugonjwa mwenyewe. Ukilielewa jambo hilo, utaelewa pia kwa nini kuna wakati ambapo mukono unaweza kuokolewa, na wakati ambapo tumekwisha kuchelewa.

WAYA NA GANDA LAKE

Sisi wa nchi ya shaba tunajua waya wa umeme. Ndani kuna shaba inayopitisha umeme. Inje kuna ganda linaloukinga. Mishipa ya fahamu ya mwili wako inafanana nayo. Ndani kuna nyuzi nyembamba zinazopitisha habari: «hapa kuna moto», «hapa kuna musumari», «kunja kidole». Inje ya nyuzi hizo kuna chembe zinazozifunika na kuzilisha.

Mikrobe ya ukoma, ambayo munganga Hansen wa nchi ya Norvège aliiona mwaka wa 1873, inapenda kujificha ndani ya chembe hizo za ganda. Tena inapenda mahali penye baridi kidogo. Kwa hiyo inakaa katika ngozi, katika pua, na katika mishipa iliyo karibu na ngozi: nyuma ya kiwiko, kwenye kifundo cha mukono, kando ya goti, kwenye kifundo cha muguu, na usoni. Inazaana polepole sana. Mikrobe nyingine zinagawanyika kwa dakika 20 tu. Hii inahitaji karibu majuma mawili. Ndiyo maana ugonjwa unaweza kuonekana miaka 5 baada ya mikrobe kuingia, na hata miaka 20. Usitafute ni nani aliyekuroga juma lililopita. Mikrobe iliingia zamani.

ASKARI WANAOMUTAFUTA MWIZI

Damu yako ina chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili. Wengine kazi yao ni kumeza mikrobe. Wengine ni kama wapelelezi na makapita: wanaitambua mikrobe na kuwaita wenzao. Wanapoitana, mishipa midogo ya damu inafunguka, na maji pamoja na askari wengi yanatoka ndani ya damu na kwenda mahali pa vita. Hapo panakuwa pekundu, panakuwa na moto, panavimba, na panauma. Ulipata kuona hayo ulipochomwa na mwiba. Si jambo baya. Ndivyo mwili unavyojilinda, na mara nyingi vita hiyo inakwisha vizuri. Watu wengi sana wanaokutana na mikrobe ya ukoma hawaugui kamwe, kwa sababu askari wao wanaishinda mapema.

Lakini ukoma una hatari yake, kwa sababu mwizi amejificha ndani ya nyumba yako mwenyewe. Askari wanaokuja kumukamata wanavunja mulango, wanapindua vitanda, na kuchoma paa. Silaha wanazotupa juu ya mikrobe zinaharibu pia ganda la mushipa na nyuzi zake.

Tena nafasi ni ndogo. Nyama ya muguu ikivimba, ngozi inanyooka. Mushipa wa fahamu umefungwa ndani ya mufuko mugumu, na pale kwenye kiwiko unapita katika njia nyembamba kando ya mufupa. Ukivimba, hauna mahali pa kwenda. Unajikaba wenyewe, na damu inayoulisha haipiti vizuri. Kama hali hiyo ikiendelea, nyuzi zinakufa, na nyuzi zilizokufa ni vigumu sana kurudi.

Kwa hiyo wagonjwa hawafanani. Mwenye askari wakali anaweza kuwa na baka moja au mawili na mikrobe chache tu, lakini mushipa wake ukaharibika mapema. Mwenye askari wazembe anakuwa na mikrobe nyingi mwili muzima, na uharibifu unakuja polepole. Na wako walio katikati: kwao vita inaweza kulipuka gafula.

KWA NINI MAUMIVU YANAKUJA WAKATI WA DAWA

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapoteza mikono yao.

Tangu OMS ilipotoa shauri mwaka wa 1981, ukoma unatibiwa kwa dawa zinazounganishwa: rifampisini, dapsoni na klofazimini. Mugonjwa mwenye mabaka machache anazimeza miezi 6. Mwenye mengi, miezi 12. Tangu mwaka wa 1995 zinatolewa bure katika inchi zote. Mikojo inaweza kuwa myekundu, na ngozi inaweza kuwa nyeusi zaidi. Hayo yanatoka kwa dawa na yatapita.

Dawa hizo zinaua mikrobe haraka. Lakini maiti za mikrobe zinabaki ndani ya ngozi na ndani ya mishipa kwa muda murefu. Askari wanazikuta, wanaamka, na kuanza vita upya. Siku hiyo baka lililokuwa limetulia linakuwa jekundu na kuvimba, kiwiko kinauma, mukono unapoteza nguvu. Kwa wengine vinatokea vivimbe vyenye maumivu chini ya ngozi, pamoja na homa. Sisi tunaita hali hiyo «reaksio». Inakuja zaidi katika miezi ya kwanza ya matibabu, lakini inaweza kuja hata mbele ya kuanza dawa, au nyuma ya kuimaliza. Mama aliyetoka kuzaa anapaswa kujiangalia zaidi, kwa sababu wakati huo askari wa mwili wanarudia nguvu zao.

Yule mufanyakazi wa atelye alipofika mwezi wa tatu wa dawa, yalimupata hayo. Jirani akamuambia: «Unaona? Dawa ya wazungu inakuua.» Wengine wakamuambia aende kwa mufumu. Akaacha dawa. Alikaa majuma matano nyumbani na mukono uliovimba, hata bibi yake akamushika na kumuleta kwetu.

Ujue basi: reaksio si sumu ya dawa, wala si ulozi, wala si alama kwamba ugonjwa umeshinda. Ni moto wa askari wako mwenyewe. Usiache dawa. Kimbia dispanseri siku ile ile.

KUZIMA MOTO

Moto huo una dawa yake, inayoitwa prednizoloni. Haiui mikrobe; inawatuliza askari ili uvimbe upungue na mushipa upumue. Munganga anaanza na vidonge vingi, kisha anavipunguza polepole kwa miezi kadhaa. Dawa za ukoma zinaendelea pamoja nayo kama bado hujazimaliza. Mara nyingi mukono unawekwa pia katika kamba ya shingo au ubao ili mushipa upumuzike.

Shika hesabu hii: kama ganzi au ulegevu haujapita miezi 6, tumaini la kurudisha nguvu ni kubwa. Ukipita hapo, tumaini linapungua sana. Na wakati mwingine mushipa unakufa bila maumivu yoyote. Kwa sababu hiyo tunapima mikono, miguu na macho yako kila mara unapokuja kuchukua dawa, hata ukituambia kwamba unajisikia vizuri.

Lakini usinunue vidonge hivyo sokoni. Wako watu wanaovimeza ili wanenepe. Askari wakitulizwa bila mupango, magonjwa mengine yanaamka, na ya kwanza ni kifua kikuu. Sisi watu wa migodi, mapafu yetu yamekula vumbi. Tunapaswa kukiogopa zaidi kuliko wengine. Vidonge hivyo vinaweza pia kuleta ugonjwa wa sukari na kupandisha tansio. Na mutu aliyevimeza kwa muda murefu akiviacha gafula, anaweza kuanguka vibaya. Munganga anakupima kwanza, na anakuonyesha namna ya kuviacha.

YALE UTAKAYOFANYA

1. Ukiona baka kwenye ngozi lenye rangi iliyofifia au nyekundu, lisilowasha na lisilosikia vizuri, kuja tulipime. Pamba na dakika tano vinatosha.

2. Ukiunguza mukono bila kusikia, ukitembea na musumari ndani ya bote bila kujua, ukiangusha vyombo kila mara, au ukishindwa kufunga jicho moja, usingojee. Jicho lisilofunga linakauka, na linaweza kupofuka.

3. Kama mukono au muguu umekwisha kupoteza maumivu, macho yako yafanye kazi ya mulinzi. Kila jioni angalia mikono na nyayo. Ziloweshe katika maji, zipake mafuta ili ngozi isipasuke. Mbele ya kuvaa bote, ingiza mukono ndani yake na kuangalia pia kwa macho. Shika sufuria kwa kitambaa kinene. Vidole vya mukoma vinapotea kwa njia ya vidonda na moto visivyosikiwa. Anayevilinda anabaki navyo.

4. Wewe shefu wa ekipe, mufanyakazi wako akiniletea karatasi ya ukoma, usimufukuze katika ekipe. Anayemeza dawa haambukizi wengine tena. Umupatie tu kazi isiyo na moto wala vyuma vyenye makali kama mukono wake hausikii, na umupatie ruhusa ya kuja kuchukua dawa.

5. Wewe mama, usitenge sahani yake wala kitanda chake. Lakini leta watoto wote wapimwe, kwa sababu ugonjwa unapita kati ya watu walioishi pamoja muda murefu na mugonjwa asiyetibiwa. Tangu mwaka wa 2018 OMS inashauri kuwapatia watu wa karibu wasiougua dozi moja ya rifampisini ili kupunguza hatari. Uliza kituo chako cha afya kama kinaitoa.

KUMALIZA

Nchi yetu ya Kongo ni moja ya nchi za Afrika ambako ukoma ungali unapata watu wapya wengi kila mwaka. Ugonjwa huu haujakuwa hadisi ya wazee.

Yule mufanyakazi alimaliza dawa zake zote. Prednizoloni ilirudisha nguvu ya kiganja, na sasa anafanya kazi kwenye depo. Kidole cha mwisho kimebaki kimejikunja, na upande ule wa mukono hausikii mpaka leo. Bibi yake anamuangalia mikono kila jioni karibu na taa, mbele ya kula. Anapopita dispanseri tunasalimiana, naye ananyoosha mukono wake bila haya. Mimi ninautazama kidole kile, na ninakumbuka ile asubui ya kwanza ambapo ningepaswa kumuomba avue shati.

Tangu siku hiyo, mutu akileta kwangu kidonda ambacho hakikumuuma, ninamuambia avue shati. Usikasirike siku nitakapokuambia wewe pia. Na nisipokuambia, unikumbushe.