Ng'ombe Wasiamue Umri wa Bibi Harusi

Sudan Kusini haikukosa maandishi ya kumlinda mtoto. Sheria ya Mtoto ya 2008 ilipitishwa Juba hata kabla ya uhuru. Katiba ya Mpito ya 2011 inamtambua mtoto kuwa ni mtu wa chini ya miaka 18. Lakini ndoa nyingi hazifungwi kwa sheria hizo. Hufungwa kwa mila, wazee wakihesabu ng'ombe wa mahari, na mgogoro ukizuka hupelekwa kwa chifu. Utafiti wa kaya wa 2010 ulionyesha kwamba takriban nusu ya wanawake waliolewa kabla ya kutimiza miaka 18.

Watetezi wa mila husema mahari huunganisha koo na kumpa mke heshima. Ni kweli, nami sitaki ifutwe. Ila heshima hiyo haipotei binti akisubiri akue. Mwaka 2019, mahakama ya Kapoeta ilibatilisha ndoa ya binti wa miaka 16, kumbe inawezekana sheria kumlinda binti dhidi ya ndoa ya mapema. Bunge litunge sheria kamili ya familia, itakayomfunga chifu sawasawa na hakimu.