Je, Wajua? Vimelea vya Nyoka Mwilini mwa Mtu

Je, wajua kwamba mwaka 2022 madaktari wa upasuaji wa Hospitali ya Canberra, Australia, walichomoa kwenye ubongo wa mgonjwa mnyoo wa sentimita 8, ungali hai na ukijinyonganyonga? Mama huyo alikuwa ameanza kusahausahau na kupatwa na sonona. Mnyoo wenyewe, Ophidascaris robertsi, ni wa chatu. Kabla ya hapo haikuwahi kuripotiwa kwamba umempata binadamu.

Je, wajua kwamba mama huyo hakuumwa na nyoka, wala hakumla? Alikuwa akichuma mboga za porini kando ya ziwa huko New South Wales, mahali penye chatu. Madaktari wanaamini alimeza mayai ya mnyoo yaliyotoka kwenye kinyesi cha nyoka, ama kwenye majani yale, ama kupitia mikono na vyombo vya jikoni. Kwa kawaida mayai hayo humezwa na wanyama wadogo kama panya, lava hukulia humo, kisha chatu akimla panya, mnyoo umefika nyumbani. Kwa hesabu za mnyoo, mama yule alikuwa panya tu. Kilichokosekana ni chatu wa kummeza.

Je, wajua kwamba ini la mtu linaweza kuhifadhi ndugu wa kaa na kamba? Ndugu huyo anaitwa Armillifer: ana umbo la mnyoo, lakini wanasayansi wamemweka kwenye ukoo wa kaa. Wakubwa huishi mapafuni mwa chatu na vifutu wa Afrika Magharibi na ya Kati. Binadamu hupata mayai yake kwa maji machafu, kwa kumchuna nyoka, au kwa kula nyama yake isiyoiva. Daktari Franz Pruner alishaeleza kimelea hiki ndani ya binadamu, Cairo, mwaka 1847. Wengi hawaugui kamwe: lava hufa, huwa kama chokaa, na eksirei iliyopigwa kwa sababu nyingine kabisa huonyesha vijinusu-duara vyeupe. Sankuru, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wengine hawakubahatika hivyo. Lava waliwaingia machoni.

Je, wajua kwamba si nyoka tu mwenye vimelea vya kumpata mtu, na kwamba mwaka 2008, Taiwan, watu waliokula kobe mbichi wa gamba laini walipata minyoo ya Trichinella? Mamba wa Mto Nile naye anayo ya aina yake, Trichinella zimbabwensis. Maambukizi ya aina hiyo kwa binadamu bado hayajathibitishwa.