Swichi ya Kurunzi na Mikono ya Mhudumu wa Afya

Mnunuzi wa kurunzi kwa kawaida huuliza mambo matatu: bei yake, nguvu ya mwanga wake, na muda ambao betri itadumu. Muuzaji huiwasha, huimulika ukutani, na biashara huishia hapo. Mahali ilipo swichi, na namna inavyoitika inapobonyezwa, huonekana kuwa jambo dogo lisilostahili swali. Hata hivyo, katika zahanati ambayo umeme umekatika usiku wa manane, jambo hilo dogo ndilo linaloamua ikiwa mhudumu atakuwa na mikono miwili ya kufanyia kazi, au mmoja, au mmoja na meno.

Meno yametajwa kwa makusudi. Mkunga anayebana kurunzi au simu kinywani huku akishona msamba uliochanika ni picha inayofahamika na wengi waliowahi kufanya kazi mbali na miji. Mwaka 2008 daktari wa uzazi kutoka Marekani, Laura Stachel, alikwenda kaskazini mwa Nigeria kuchunguza sababu za vifo vya wajawazito, akakuta giza likiwa miongoni mwa vikwazo vikubwa vya huduma ya usiku. Yeye na mumewe, Hal Aronson, walibuni sanduku la umeme wa jua ambalo baadaye lilifika katika vituo vya nchi nyingi, zikiwemo Uganda na Tanzania. Ndani ya sanduku hilo, pamoja na taa za kutundikwa, ziliwekwa taa za kuvaliwa kichwani. Uamuzi huo una maana kubwa kuliko unavyoonekana, kwa kuwa taa ya kichwani humwachia mhudumu mikono yake yote miwili.

Dakika chache baada ya mtoto kuzaliwa zinaonyesha vema kwa nini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama apewe oksitosini uniti 10 kwa sindano mara baada ya mtoto kutoka, na kwa kawaida wakunga hulenga kufanya hivyo ndani ya dakika moja. Kisha mkunga aliyefunzwa huweka mkono mmoja juu ya kinena kuuzuia mfuko wa uzazi usishuke, na kwa mkono wa pili huvuta kitovu taratibu hadi kondo la nyuma litoke. Baada ya hapo huligeuza kondo na kulikagua kama limekamilika, hukanda tumbo, hutazama damu inayotoka, hutafuta mahali palipochanika. Damu inayofikia mililita 500 au zaidi baada ya uzazi wa kawaida huhesabiwa kuwa ni nyingi kupita kiasi, na kwenye shuka ya rangi, chini ya mwanga unaoyumba, kiasi hicho hupotea bila kutambuliwa. Katika mfululizo huu wote hakuna mkono wa ziada wa kushikia kurunzi, wala wa kutafutia kitufe chake.

Kurunzi yenyewe ilianza kama kifaa cha swichi mbaya. Hataza ya David Misell iliyotolewa Marekani mwezi Januari 1899 ilihusu bomba lenye betri, balbu na kioo, ambalo mwanga wake ulipatikana kwa kugusanisha vipande vya chuma. Betri za wakati huo hazikuweza kutoa umeme kwa muda mrefu mfululizo. Mtu aliwasha kidogo, akapumzisha, akawasha tena. Ndiyo asili ya jina lake la Kimarekani, linalomaanisha mwanga wa kumweka. Katika miongo iliyofuata ilikuja swichi ya kusukuma kwa kidole gumba ubavuni, ambayo wazee wengi wa Afrika Mashariki wanaikumbuka kwenye kurunzi za bati za betri kubwa mbili au tatu. Swichi hiyo ilipata kutu na wakati mwingine ilihitaji kupigwapigwa kiganjani, lakini ilikuwa na sifa moja ambayo kurunzi nyingi za leo zimeipoteza: mtu aliweza kujua kwa kugusa tu kama imewashwa au imezimwa.

Ubavuni au nyuma

Kurunzi za mkononi za sasa zina swichi ubavuni, au nyuma kwenye kitako, au hazina kitufe kabisa na huwashwa kwa kuzungusha kichwa. Kila mpangilio unaulazimisha mkono ushike kwa namna yake. Yenye kitufe cha ubavuni hushikwa kama mwiko: chini, kiwiko kikiwa karibu na mwili, kidole gumba kikiwa juu. Mshiko huo hauchoshi, na unafaa kwa mtu anayetembea kutoka wodi hadi wodi au anayesoma chati ya mgonjwa. Yenye kitufe cha kitakoni hushikwa kama mchi wa kinu: mkono huinuliwa karibu na bega, kidole gumba kikiwa mwishoni. Mshiko huo hupeleka mwanga sambamba na macho, jambo linalosaidia kutazama koo au sikio, lakini bega huchoka upesi, na msaidizi aliyeambiwa ammulikie mshonaji kwa nusu saa huanza kutetemeka kabla ya kazi kwisha.

Kitufe cha ubavuni kina kasoro moja kubwa. Gizani, kwenye bomba la mviringo, kidole hakijui kilipo. Kitufe kilicholingana na bomba, kisicho na mwinuko wala mkwaruzo, humlazimisha mtu alizungushe bomba mkononi akipapasa. Na aliyevaa glavu zilizolowa hupapasa mara mbili ya hapo. Kitufe cha kitakoni hakina tatizo hilo, kwa sababu mwisho wa bomba ni mmoja tu. Lakini chenyewe, kikichomoza, huizuia kurunzi kusimama wima mezani. Kurunzi inayoweza kusimama kwa kitako chake, ikimulika dari jeupe, hueneza mwanga laini chumba kizima usio na kivuli kikali. Inageuka kuwa taa ya chumba, na mikono yote hubaki huru. Penye paa la bati lililoshika kutu mbinu hiyo haisaidii sana, ingawa shuka nyeupe iliyotandazwa juu huleta nafuu.

Za kuzungusha huhitaji mikono miwili. Kwa kazi ya tiba zinafaa zaidi kuwekwa akiba drooni, kwani angalau haziwaki zenyewe.

Kitufe kimoja, kazi tano

Taa za diodi zilipopata nguvu, watengenezaji waligundua kwamba kitufe kimoja chaweza kubebeshwa kazi nyingi bila gharama kubwa. Kurunzi nyingi za bei nafuu zilizojaa sokoni hufuata mzunguko: mbofyo wa kwanza mwanga mkali, wa pili wa kati, wa tatu hafifu, wa nne mwanga unaowaka na kuzima kwa kasi, wa tano ishara ya kuomba msaada. Anayetaka kuizima hana budi kupita kote huko. Wodini mpangilio huu ni kero, na wakati mwingine ni hatari. Miongoni mwa watu wenye kifafa wamo wachache ambao degedege zao huamshwa na mwanga wa kumwekamweka, hasa wenye kasi ya mara 15 hadi 25 kwa sekunde. Hakuna sababu ya kitabibu ya kuwa na mwanga wa namna hiyo kando ya kitanda, na kurunzi inayoweza kuutoa kwa bahati mbaya haifai kununuliwa kwa ajili ya kituo cha afya.

Uchunguzi wa mboni unalionyesha jambo hili kwa namna nyingine. Mhudumu anayempima mgonjwa aliyepoteza fahamu, au aliyeumia kichwa, huleta mwanga kutoka pembeni na kutazama kama mboni inasinyaa, kwa kasi gani, na kama ya jicho la pili inasinyaa pamoja nayo. Itikio hilo huanza chini ya sekunde moja. Kurunzi inayofaa hapa ni ile inayowaka kidole kinapokandamiza na kuzimika kinapoachia, kama zilivyo kurunzi nyingi ndogo za umbo la kalamu, ambazo hubanwa kwa kile kipini cha kuchomekea mfukoni. Lakini mhudumu huyohuyo akitaka kulinganisha macho mawili kwa kuhamisha mwanga kutoka jicho moja hadi jingine, kila moja kwa sekunde mbili au tatu, anahitaji mwanga unaobaki umewaka bila kutikisika. Swichi nzuri hutoa yote mawili: mgandamizo mdogo kwa mwanga wa muda, mgandamizo kamili kwa mwanga wa kudumu. Ile ya mzunguko wa mibofyo mitano haitoi hata moja kwa uhakika, na mwanga wake wa kwanza, ambao ni mkali mno, humfanya mgonjwa aliye na fahamu afumbe macho.

Kitufe kama mahali pa maambukizi

Miongozo ya usafi wa mikono inamtaka mhudumu anawe hata baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka mgonjwa. Kurunzi ni mojawapo ya vitu hivyo, lakini hurudishwa mfukoni bila kufutwa. Swichi ndiyo sehemu inayoguswa kuliko zote, nayo ndiyo yenye mifereji na mpira laini unaoficha uchafu na damu iliyokauka. Swichi ya kusukuma ina ufa ambao kitambaa chenye dawa hakiingii. Kitufe kilichofunikwa kwa mpira usio na ufa hufutika kwa urahisi, ilimradi mpira haujapasuka.

Taa ya kichwani nayo, pamoja na sifa zake, ina kitufe chake juu ya paji la uso. Mkunga ambaye glavu zake zimelowa damu akihitaji kuongeza mwanga katikati ya kazi, atagusa paji lake, ukanda wa taa, pengine na nywele. Kwa hiyo taa huwashwa na kuwekwa kwenye kiwango kinachohitajika kabla ya kuvaa glavu, na ikibidi kubadilishwa, msaidizi ndiye huibonyeza. Taa ambayo hupunguza mwanga yenyewe baada ya dakika chache ili kuokoa betri humharibia mhudumu utaratibu huo; tabia hiyo haionekani dukani, ni mpaka iachwe ikiwaka kwa nusu saa.

Simu ya kisasa ni mbaya zaidi kwa hili. Swichi yake ni picha kwenye kioo, na kioo hicho mara nyingi hakiitikii kidole kilicholowa wala glavu nene. Simu ndogo zenye vitufe, zile ambazo mitaani zimepewa jina la kitochi kwa heshima ya taa yao, humfaa mkunga kuliko simu ya gharama kubwa, kwa kuwa kitufe chake kina mwinuko unaotambulika kwa kidole hata kupitia mfuko safi wa plastiki.

Mgonjwa nyumbani

Mtu mwenye maumivu ya viungo vya vidole, aliyebaki na mkono mmoja wenye nguvu baada ya kiharusi, au ambaye kisukari kimemletea ganzi vidoleni, hukutana na swichi ngumu kila anapoamka usiku kwenda msalani. Akishindwa kuiwasha, huenda gizani, na huanguka. Kwake kitufe kikubwa cha ubavuni kinachobonyea kwa wepesi ni bora kuliko kitufe kidogo cha kitakoni kinachohitaji nguvu ya kidole gumba. Mwenye ganzi anahitaji pia kitufe kinachotoa mlio, kwa sababu kidole chake hakimwambii kama amebonyeza.

Umri huongeza jambo lingine. Jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha hadi ndani takribani theluthi moja ya mwanga unaopita katika jicho la kijana wa miaka 20, kwa hiyo mzee anahitaji mwanga zaidi. Lakini pia huchelewa kuzoea giza, na jicho la mtu yeyote lililopigwa na mwanga mkali huweza kuhitaji dakika 20 au 30 kurudia uwezo wake kamili wa kuona gizani. Kurunzi inayoanza na mwanga mkali humfumba macho mke aliyelala pembeni, kisha humwacha mwenyewe haoni kitu mara anapoizima. Inayoanza na mwanga hafifu ni rafiki kwa wote wawili. Kipande cha plasta kilichobandikwa pembezoni mwa kitufe, bila kukifunika, hukifanya kipatikane kwa kugusa, na bei yake ni karibu bure.

Wanaonunua kwa ajili ya kituo wanaweza kufanya jaribio lisilohitaji chombo chochote: kuvaa glavu, kuilowesha maji yenye sabuni, kufumba macho, na kuiwasha kurunzi kwa mkono wa kushoto, kisha wa kulia. Isipowaka kwa jaribio la kwanza, irudishwe juu ya kaunta. Jaribio la pili ni la betri. Swichi za kielektroniki hunyonya umeme kidogo hata zikiwa zimezimwa, na kitufe kinachochomoza hujibonyeza chenyewe ndani ya mkoba. Siku ya dharura betri huwa imekwisha. Kwenye nyingi za aina hii, kulegeza kifuniko cha nyuma kwa kukizungusha robo mzunguko hukata umeme, na zamu inayoingia hukikaza inapopokea kazi, kabla taa za umeme hazijapata nafasi ya kuzimika.